Maswali ya Wasomaji: Levo ya 40, lakini saba mara nane hajui

Mwezi huu meseji zenu karibu zote zimekuja na jambo moja lenye sura tofauti, gemu za hesabu za kwenye simu na intaneti, nadhani ni kwa sababu ya likizo, watoto wako nyumbani na simu za wazazi ndo zimegeuka uwanja. Nimechagua chache za Kigoma na Tabora. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu mana wengi wenu mna shida hiyohiyo hata kama mmeiuliza kwa namna nyingine.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu niko hapa Mwanga, nauza mawese sokoni. Mwanangu wa pili yuko darasa la nne, hesabu zinamsumbua hasa kuzidisha. Mjomba wake alipokuja kutoka Dar akamwekea gemu ya hesabu kwenye simu yangu, sasa akishika simu ni mpaka chaji iishe, ananiambia mama nimefika levo ya 40, mi nikafurahi. Juzi nikamuuliza saba mara nane, akaangalia juu kwenye bati weeee, akasema hamsini na nne. Sasa mwalimu hiyo levo ya 40 ni ya nini? Niifute hiyo gemu au nimwache tu?
*Mama wa Mwanga, Kigoma*

JIBU: Marahaba mama. Usiifute kwanza. Kaa pembeni yake dakika kumi, usiseme kitu, angalia vidole vyake.

Gemu nyingi za kuzidisha zinaweka swali juu na majibu manne chini. 7 × 8, alafu chini kuna 54, 63, 56, 48. Mtoto ambaye hajui anabofya 54, inawaka nyekundu, anabofya 63, nyekundu tena, anabofya 56, inawaka kijani, nyota zinaruka, muziki, swali linalofuata. Hajakokotoa kitu hapo. Alichojifunza ni kwamba ukibofya haraka haraka kijani utakipata tu, na kwa mwendo huo levo ya 40 anafika mtu yeyote, hata mdogo wake wa miaka minne anafika. Siku mwalimu anampa karatasi yenye 7 × 8 = na nafasi tupu, hamna cha kubofya, ndo hapo anaangalia bati.

Kwahiyo mama, kabla hujauliza gemu ni nzuri au mbaya, jiulize hivi: mtoto akikosa, nini kinatokea? Hilo ndo swali langu kwa kila gemu na nitalirudia kwa wengine huku chini. Kuna gemu ukikosa inakuonyesha mistari saba yenye vidoti vinane kila mstari uhesabu uone mwenyewe, alafu swali lilelile linakurudia baada ya maswali mawili matatu kuona kama umelishika. Hiyo inafundisha. Kuna nyingine ukikosa unapoteza moyo mmoja, mioyo ikiisha unaangalia tangazo upewe mwingine, basi. Hiyo inauza matangazo. Na kama gemu inakubali mtoto aandike jibu mwenyewe kwa namba badala ya kuchagua, ichukue hiyo mbele ya zote, hata kama picha zake sio nzuri na mtoto analalamika.

Kitu cha pili, wakati umekaa pembeni hesabu maswali. Yani kweli hesabu, dakika kumi kafanya maswali mangapi ya hesabu? Kuna gemu ambazo mhusika anatembea, anabadilisha nguo, anafungua sanduku, anapigana na dubwana, swali linakuja mara moja moja. Ile Prodigy ya Kanada kwa mfano wengi mmeisikia, ni ya mtindo huo wa safari na mapambano, maswali yenyewe yako vizuri na kucheza ni bure, lakini ina mambo mengi ya pembeni na kuna uanachama wa kulipia, na mtoto ambaye hajalipiwa anaonyeshwa vitu vizuri ambavyo hawezi kuvipata mpaka mzazi alipie. Sisemi ni mbaya. Nasema mtoto akikaa nayo saa nzima usidhani amefanya saa nzima ya hesabu.

Sasa tuje kwenye kuzidisha kwenyewe, hapa naomba mama uchukue kalamu kabisa. Watoto wanaogopa tebo kwa sababu wanaona mlima, moja mpaka kumi ni hesabu 100. Lakini 7 × 8 na 8 × 7 ni kitu kimoja, kwahiyo ukiondoa za kujirudia zinabaki 55. Ondoa tebo ya 1, ya 2, ya 5 na ya 10 ambazo darasa la nne karibu wote wanazo, zinabaki 21. Tebo ya 9 ina njia yake ya vidole, fungua mikono yote miwili, kwa 9 × 7 kunja kidole cha saba kuanzia kushoto, kushoto kwake vimebaki 6, kulia vimebaki 3, jibu 63. Ukiondoa na za tisa zinabaki kumi na tano. Ndo hizi hapa: 3 × 3, 3 × 4, 3 × 6, 3 × 7, 3 × 8, 4 × 4, 4 × 6, 4 × 7, 4 × 8, 6 × 6, 6 × 7, 6 × 8, 7 × 7, 7 × 8 na 8 × 8. Mtoto wako anateswa na hizo kumi na tano tu, na nina uhakika kati ya hizo kuna sita saba tayari anazijua.

Unaona sasa kwanini gemu inayomletea maswali ovyo inamchelewesha? Inamuuliza 1 × 6, 10 × 4, 2 × 3, anapata, anapanda levo, anafurahi, wakati 7 × 8 inapita mara moja kwa siku nzima na akiifikia anabahatisha. Ingia kwenye setingi, gemu nyingi za tebo zinakuruhusu uchague namba gani zije, zima zote bakiza 6, 7 na 8. Kama haina hiyo nafasi itafute nyingine.

Muda, dakika kumi na tano zinatosha, kila siku, na ni bora kuliko saa mbili za Jumamosi. Anachokikumbuka leo akalala nacho, kesho akakitafuta tena kichwani mwenyewe, ndo kinakaa. Akikaa masaa mawili mfululizo mwishoni akili imeshachoka anafuata rangi tu.

Na wewe mama una kitu ambacho hakuna gemu inacho, una meza ya mawese. Akimaliza dakika zake mwite: mteja amechukua lita 7 kwa 4,000, katoa 30,000, chenji ngapi? Mwache afikirie, usimsaidie haraka. Akisema 2,000 muulize umejuaje. Hapo kwenye "umejuaje" ndo utajua kama ana 4 × 7 kichwani au amekisia uso wako. Akikosa usikasirike mbele ya wateja nakuomba, mwambie tu hesabu nne nne mara saba kwa sauti, atafika.

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Mimi nafundisha hisabati shule ya msingi Urambo, darasa la tano lina wanafunzi 94. Nasoma huko mtandaoni walimu wanatumia gemu darasani, kila mtoto na tableti yake, projekta ukutani. Mimi nina ubao, chaki na kishikwambi kimoja. Kuna chochote cha kwangu hapo au nisubiri mwaka 2040?
*Mwalimu, Urambo, Tabora*

JIBU: Salama mwalimu mwenzangu, pole na 94. Usisubiri, kishikwambi kimoja kinatosha, na walimu wengi wa nchi hii wanavyo tangu vile vya Sensa ya 2022 vilipogawiwa mashuleni.

Tafuta kitu kinaitwa Plickers. Mwanafunzi hahitaji kifaa chochote, anahitaji karatasi. Unaprinti kadi, kila kadi ina umbo jeusi lisilofanana na la mwenzake, lina pande nne na kila upande una herufi ndogo A, B, C au D. Unaandika swali ubaoni na majibu manne, unasema moja mbili tatu, watoto wanainua kadi huku upande wa jibu lao ukiwa juu, wewe unapitisha kamera ya kishikwambi taratibu kutoka kona hii mpaka ile, inasoma kadi zote na kukuonyesha nani kajibu nini kwa jina. Herufi ni ndogo mno kwahiyo jirani haibi. Kadi za bure ziko seti ya 40 na seti ya 63. Kwa 94 waweke wawili wawili kadi moja, ni kadi 47, na mimi naipenda hivyo hata kama kadi zingetosha, mana wale wawili lazima wakubaliane kabla ya kuinua na katika kubishana ndo hesabu inatokea. Apu inataka intaneti lakini hamna video kwahiyo haimalizi bando. Kadi printi kwenye karatasi ngumu kidogo stationery, usizipige lamination ya kung'aa, mwanga wa dirishani unagonga kamera haisomi.

Kuna Kahoot pia ya Wanorwe, imekuwepo tangu 2013, hiyo ndo uliyoiona na projekta. Inataka skrini kubwa na angalau simu moja kwa kila kikundi, kwako itakuwa ngumu. Na ukiipata siku moja, ujue pointi zake zinatolewa kwa spidi, anayejibu haraka anapata nyingi, sasa yule mtoto makini anayeandika pembeni kwanza anaonekana mjinga kila siku. Ongeza muda wa swali, inaruhusu mpaka dakika nne, au zima pointi kabisa.

Lakini mwalimu, kadi ni kadi tu. Kazi kubwa iko kwenye yale majibu matatu ya uongo. Ukiweka namba za kubahatisha utajua nani kapata na nani kakosa, basi, hata kuita majina ungejua. Weka makosa ambayo watoto wetu wanayafanya kweli. Chukua 304 kutoa 128. Jibu ni 176. Alafu weka 224, huyo ni mtoto anayetoa ndogo kwenye kubwa popote ilipo, kaona 4 na 8 kasema nane toa nne ni nne, kaona 0 na 2 kasema mbili, hajakopa popote. Weka 186, huyo amekopa lakini alipopita kwenye sifuri akaiacha kuwa kumi wakati ilitakiwa ibaki tisa. Weka 276, huyo amekopa kwa mamia alafu akasahau kuipunguza ile tatu. Ukipitisha kamera unakuta labda thelathini wameinua 224, hapo umeshajua kesho unafundisha nini na kwa nani, hao wa 224 hawajaelewa kukopa kabisa warudi kwenye vijiti na mafungu ya kumi, wa 186 na 276 wanahitaji mifano michache tu yenye sifuri katikati. Kwa hesabu za sehemu fanya hivyohivyo, nusu jumlisha theluthi, usikose kuweka 2/5 kwenye majibu, utashangaa kadi zitakavyoinuka.

Na usiwape zawadi waliopata. Waite wawili mmoja wa 176 mmoja wa 224 waje ubaoni kila mmoja aeleze kafanyaje, bila wewe kusema nani yuko sahihi, alafu pigeni kadi tena swali lilelile. Mimi darasa la namna hiyo nikiliona napata furaha ambayo siwezi kuieleza, watoto wanabadilisha kadi zao wenyewe.

SWALI: Shikamoo mwalimu, niko form two Kasulu. Nafanya mazoezi ya hesabu kwenye simu ya kaka, kuna gemu ya kupanga vitendo. Ikaja 10 − 3 + 2 nikajibu 5 ikaniambia nimekosa, jibu 9. Nimerudia mara nyingi. Shule ya msingi tulifundishwa MAGAZIJUTO, mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, kwahiyo jumlisha inatangulia, 3 + 2 ni 5, 10 toa 5 ni 5. Gemu imekosea au za Wazungu ziko tofauti?
*Mwanafunzi, Kasulu*

JIBU: Marahaba mwanangu. Gemu iko sahihi, jibu ni 9, na ni 9 Kasulu na ni 9 London. Nimefurahi hukukubali tu, umeuliza.

Angalia. Una shilingi 10, umetoa 3, alafu umeongezewa 2. Una ngapi? Tisa. Wewe ulichofanya umeichukua ile 3 ukaijumlisha na 2 ukatoa zote, yani ile 2 uliyoongezewa umeigeuza ukaitoa. Alama ya kutoa iko mbele ya 3 peke yake, ni mali ya 3, huwezi kuieneza mpaka kwa 2 bila mabano. Kama ingeandikwa 10 − (3 + 2) hapo sawa, ni 5.

MAGAZIJUTO yenyewe haijafa, ni namna ya kuitumia. Ukitaka kujumlisha kwanza, jumlisha zile zenye alama ya kujumlisha, 10 na 2 ni 12, alafu toa 3, unapata 9 ileile. Au nenda kutoka kushoto kwenda kulia, kujumlisha na kutoa wana daraja moja, anayetangulia kushoto ndo anafanywa kwanza. Kugawanya na kuzidisha nao vilevile wana daraja moja. Jaribu 24 ÷ 4 ÷ 2, ukienda kushoto kulia unapata 3, ukianza na 4 ÷ 2 unapata 12 ambayo sio. Hii BODMAS mnayoimba sasa sekondari ina mtego uleule kwa sababu nayo inataja kujumlisha kabla ya kutoa, walimu wazuri wanalisema hili lakini wimbo unabaki kichwani na maelezo yanasahaulika.

Sasa nakuomba kitu. Gemu ilikwambia umekosa mara nyingi lakini haikukwambia kwanini, ndo mana ukabaki unabishana nayo. Ikikukosoa mara mbili swali la aina moja, funga simu, chukua daftari, andika hatua moja moja, badilisha ziwe hela, alafu mpelekee mwalimu wako au mwenzako. Uko kidato cha pili, Basic Mathematics ndo somo ambalo kwa miaka mingi ufaulu wake kidato cha nne nchi nzima umekuwa chini ya theluthi, na wengi hawaangushwi na mambo ya kidato cha nne, wanaangushwa na vitu kama hivi vya 10 − 3 + 2 vilivyojificha ndani ya aljebra. Fanya na hizi uniandikie: 5 − 8 + 6, na 20 − 4 × 3 + 1.

SWALI: Mwalimu mimi ni baba wa Ujiji, binti yangu ana miaka 8, gemu ya hesabu anayocheza kila baada ya dakika mbili inaleta tangazo la kubeti. Nifanyeje?
*Baba wa Ujiji*

JIBU: Kaka hili linaniumiza sana, mtoto wa miaka 8 hapaswi kuona mikeka. Jaribu hivi leo: weka simu flight mode alafu fungua gemu. Kama inacheza bila intaneti matangazo mengi hayatakuja mana yanavutwa mtandaoni muda uleule. Kama inagoma, ifute, usiionee huruma. Weka na namba ya siri kwenye Play Store ili hakuna kinachonunuliwa bila wewe. Alafu mtafutie zisizo na matangazo kabisa, Khan Academy Kids ni ya bure, haina matangazo wala kulipia, ni ya watoto mpaka miaka 8 kwahiyo kwa binti yako bado inafaa, tatizo ni Kiingereza, kama shule yake ni ya Kiswahili kaeni wote siku za mwanzo.

SWALI: Mwalimu nakufuatilia lakini hili la gemu sikubaliani nalo. Hizi ni za Wazungu, watoto wetu wanasoma Kiswahili, mara inchi mara senti za dola, nani kathibitisha zinasaidia mtoto wa kijijini Tanzania?
*Mzazi, Nzega*

JIBU: Una haki ya kuuliza na nusu ya maneno yako nayaunga mkono. Gemu nyingi zimetengenezwa kwa mtaala wa Marekani, swali linamuuliza mtoto wa Nzega sarafu za Kimarekani zinafanya senti ngapi, akikosa hapo hajakosa hesabu, amekosa Marekani. Maswali ya namna hiyo na ya inchi na futi yaruke tu.

Ila kuhusu kijijini Tanzania, jaribio limefanyika na lilikuwa kubwa. Linaitwa Global Learning XPRIZE, lilifanyika mkoani Tanga kuanzia mwishoni mwa 2017 mpaka 2019, karibu watoto 3,000 kwenye vijiji 170, wengi wao walikuwa hawajawahi kwenda shule. Walipewa tableti zenye programu za Kiswahili za kujifunza kwa kucheza, kusoma, kuandika na kuhesabu, zilizochajiwa kwa sola, bila mwalimu. Mwanzoni zaidi ya 90% hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, baada ya miezi 15 idadi hiyo ikapungua kwa nusu, na wasichana na wavulana walisonga sawasawa. Washindi wawili wakagawana dola milioni 10 Mei 2019, Kitkit School na onebillion, na programu hizo zikaachwa wazi mtu yeyote azichukue.

Sasa uone tofauti. Zile zilikuwa kwa Kiswahili, ziliandaliwa kwa mtoto anayeanza, na hazikuhitaji intaneti kila saa. Kwahiyo hoja yako ya lugha ni nzito, na mimi ningependa kuona vijana wetu wa Dodoma na Dar wanaojua kuprogramu wanatengeneza gemu za darasa la tano na la sita kwa Kiswahili, zenye KDS na KKS (kigawe kidogo cha shirika na kigawo kikubwa cha shirika), zenye madebe na magunia na ekari. Kwa sasa jaribu PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, walianza 2002 na sayansi, siku hizi wana na za hesabu, za sehemu, za mstari wa namba, za eneo, kadhaa zimetafsiriwa Kiswahili, unazidownload kwenye kompyuta mara moja alafu zinafunguka bila bando. Hazina nyota wala levo. Mtoto anakata umbo vipande vinne anachukua vitatu anaona robo tatu kwa macho, akikosea kipande hakitoshei, anaona mwenyewe.

SWALI: Mwanangu, mimi ni bibi niko Kaliua, nalea wajukuu wawili, mmoja darasa la tatu mwingine la sita. Simu yangu ni kitochi. Nimesomewa gazeti na jirani nasikia watoto wa wenzangu wanajifunzia kwenye simu, hawa wangu watabaki nyuma?
*Bibi, Kaliua, Tabora*

JIBU: Shikamoo bibi. Hawatabaki nyuma kwa kukosa simu, na jirani yako namshukuru naomba akusomee na hii mpaka mwisho.

Kwanza bibi kama kuna mzee anacheza bao hapo mtaani wapeleke wakajifunze. Mashimo 32, kete 64, kila mmoja na 32 zake, anaanza na 6 kwenye shimo linaloitwa nyumba, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya pembeni, mkononi zinabaki 22. Mtoto anayejua kete yake ya mwisho itaangukia wapi kabla hajaanza kusambaza huyo anahesabu, na akikosea mwenzake anamla hapohapo.

Pili kusanya vizibo vya soda 21, hii gemu watu wanailipia kwenye simu na wewe utaicheza bure. Viweke mstari mmoja. Wachezaji wawili, kila mmoja kwa zamu anachukua kizibo 1, au 2, au 3, hairuhusiwi kuchukua zaidi ya vitatu wala kuruka zamu, atakayechukua cha mwisho ndo mshindi. Wiki ya kwanza usiwaambie kitu, wacheze tu, wa darasa la tatu na wa la sita wako sawa hapa. Wataanza kuona vikibaki vinne na ni zamu yako umekwisha, ukichukua 1 mwenzio anachukua 3, ukichukua 2 anachukua 2, ukichukua 3 anachukua 1. Alafu wataona na nane ni hivyohivyo, na kumi na mbili. Siri ni kumwachia mwenzio 4, 8, 12, 16 au 20, yani tebo ya nne, kwahiyo kwenye 21 anayeanza akichukua kimoja tu na asikosee, anashinda. Mwanahisabati mmoja wa Harvard aitwaye Bouton aliandika nadharia ya michezo ya namna hii mwaka 1901, ni hesabu ya kweli kabisa bibi.

Yule wa darasa la sita akishaigundua atakuwa anamfunga mdogo wake kila siku mpaka ugomvi. Hapo ongeza vizibo viwe 30 na mruhusu mtu achukue mpaka vinne, siri inahama kwenda tebo ya tano, na safari hii anayeanza ndo yuko pabaya. Mwambie mkubwa aanze yeye.